Mwambieni daktari kuwa anakunywa

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba kumfundisha mtu madhara ya kuzidisha pombe ni sawa na kumpa ruhusa ya kunywa kidogo. Hoja yake nimeisoma vizuri, na si hoja ya mjinga. Anasema hapa ni Zanzibar, watu wake karibu wote ni Waislamu, na kwa Muislamu kinacholevya kwa wingi, hata uchache wake ni haramu. Hapo hatugombani. Mie ni mtoto wa Wete, nimesoma chuo cha Qur'ani kwa maalim mkali, na tone la pombe halijapita kooni mwangu. Lakini kazi yangu ni ya kaunta, katika hoteli moja huku Nungwi, na kila jioni mikono hii ndiyo inayomimina. Msiniulize rizki hiyo ikoje. Wanaonijua wameshaniuliza, na jibu langu kwao si la kuandikwa gazetini. Ila siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi ndiye kata.

Tunapenda kusema kwamba wanaokunywa hapa ni wageni tu, na watu wa Bara. Laiti ingekuwa hivyo, nisingekuwa na barua ya kuandika.

Mgeni akija kwangu anapokewa na orodha. Kila kinywaji kimeandikwa jina, bei na asilimia ya ulevi. Akitaka kikali namtilia kwa kipimo cha chuma, kile kidogo chenye matumbo mawili, na hakizidi hata tone kwa sababu tajiri anahesabu chupa. Kisha barafu, kisha soda, kisha sahani ya karanga. Anakaa kitini, anatazama jua linavyozama, anapiga picha, anajibu simu ya mamake, na glasi moja inamchukua saa nzima. Akizidiwa, mlinzi anamshika mkono mpaka chumbani, au tunamwitia teksi na dereva anajua pa kumshusha.

Mwenyeji hafiki kaunta. Anapita nyuma, panapowekwa mitungi ya gesi na kreti tupu, anampigia mluzi kijana wa stoo. Anataka ndogo, ile chupa bapa ya mililita 200 inayoingia mfuko wa nyuma wa suruali bila ya kufura. Anaimimina yote ndani ya chupa ya soda ya machungwa aliyokwisha kuinywa nusu, anaziba kwa kidole gumba, anatikisa, anainua. Amesimama muda wote. Jicho liko njiani asije akapita mtu wa kwao. Chupa inakwisha kabla ya sigara ya mwenzake. Halafu anatoa karafuu mfukoni, tatu nne, anazitafuna mpaka ulimi unakufa ganzi, anapangusa mdomo kwa mkono wa shati, anawasha pikipiki na kushika njia ya Kinyasini kwa mkewe. Tumboni ana chai na andazi la asubuhi. Karafuu zetu hizi, Mhariri, ambazo serikali inahangaika zisivushwe kwa magendo, nyingine zinaishia hapo nyuma ya kreti.

Kwa sheria ya dini watu hao wawili wamekunywa. Kwa mwili, huyu wetu ndiye aliye karibu zaidi na kaburi, na sababu yake ni hesabu tu.

Niieleze hesabu hiyo, maana hata wanywaji wengi hawaijui. Asilimia iliyoandikwa kwenye chupa ni sehemu ya spiriti iliyomo. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za spiriti tupu, ambazo kwa uzito ni kama gramu 20. Ile chupa bapa, mililita 200 za asilimia 35, ina mililita 70, yaani kama gramu 55. Kwa hiyo kijana wa nyuma ya kreti amekunywa karibu bia tatu kubwa kwa muda ambao mgeni hajamaliza hata barafu yake, na anaapa Wallahi amekunywa kidogo tu, hata chupa ya soda haikujaa.

Sasa ini. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa, na halina haraka. Ni kama karani mmoja wa tiketi pale bandarini: foleni ifike getini, watu wagombane, wataje majina ya wakubwa wanaowajua, yeye anagonga muhuri kwa mwendo wake ule ule. Gramu 55 zinataka saa sita, pengine nane. Aliyemaliza chupa saa nne za usiku, akaamka saa kumi alfajiri kuwahi gari ya shamba anayoiendesha, amelala lakini hajalevuka. Abiria wa mbele wanasikia harufu ya karafuu, wanadhani bwana amesafisha meno.

Barazani wana dawa zao: kahawa chungu, ndimu kwa chumvi, maji ya dafu, kuoga maji ya baridi. Kahawa humfumbua mtu macho, akabaki mlevi asiye na usingizi. Dafu linapunguza kiu ya asubuhi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomharakisha karani. Kinachosaidia ni chakula kilichotangulia, kwa sababu kinaizuia pombe isishuke haraka kwenye utumbo mwembamba, na huko ndiko inakoingilia damuni kwa wingi. Karanga za kaunta zina faida hiyo kidogo, ingawa tajiri haziweki kwa ajili hiyo. Anaziweka kwa ajili ya chumvi, mtu apate kiu aagize nyingine.

Mwanamke akinywa kiasi kile kile alichokunywa mwanamme wa uzito wake, hulewa zaidi, maana mwili wake una maji machache ya kuizimua. Na wanawake wapo, Mhariri. Wao hawafiki hata kwenye kreti. Wanaagizia.

Msomaji mwenzangu analiogopa neno "kiasi". Nimtulize: hata wataalamu wa dunia wameanza kuliogopa. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Taasisi ya shirika hilo inayotafiti saratani imeiweka pombe katika kundi la kwanza la vinavyosababisha saratani tangu 1988, kundi moja na tumbaku. Uingereza, nchi isiyo na haya ya pombe, tangu 2016 inawaambia watu wake, wake kwa waume, wasipite vipimo 14 kwa wiki, na kipimo kimoja ni gramu 8. Ukivigeuza kuwa bia zile za nusu lita hazifiki sita kwa wiki nzima, tena wanatakiwa wazigawe kwa siku kadhaa. Nimewahi kuwaambia hayo wageni wa Kiingereza waliokaa mbele yangu. Walicheka sana, na mmoja akaagiza ya sita ya usiku ule.

Kwa hiyo anayesema "mie nakunywa kiasi, sidhuriki" hana mtetezi, kwa maalim wala kwa daktari. Lakini daktari ana neno la pili, ambalo sisi hatutaki kulisikia. Aliyekuwa akinywa chupa mbili akapunguza ikawa moja, amepunguza hatari yake. Anayekunywa taratibu, ameshiba, akalala pale pale bila kushika usukani, anaweza kuamka akatubu. Aliyekutana na lori Mahonda na karafuu mdomoni hana nafasi hiyo. Dhambi zao atazihesabu Mola. Mimi nazungumzia wodi.

Wapo wanaodhani dawa ni kuifanya isipatikane. Mwanzoni mwa 2024 tulilijaribu hilo bila kukusudia. Mambo ya vibali vya waagizaji yalibadilika, vinywaji vikaadimika visiwani, bei zikapaa, rafu zangu zikabaki na chupa za mapambo. Wageni walinung'unika, wakanywa maji ya ukwaju. Wale wa mlango wa nyuma hawakunywa maji ya ukwaju. Walihamia kwenye gongo na kwenye chupa zisizo na lebo ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi. Ilikuwa hivyo hivyo Bara walipopiga marufuku viroba, tarehe 1 Machi 2017. Nakubali kile kifuko cha bei ndogo kilikuwa balaa kwa watoto wa skuli na madereva, na kuondoka kwake ni kheri. Lakini aliyekuwa akificha kiroba leo anaficha chupa bapa.

Tembo la mnazi la wazee wetu lilikuwa na mipaka yake. Linagemwa, linanywewa siku ile ile, ukilichelewesha linakuwa siki, na nguvu yake haiko mbali na ya bia. Silisifu, msije mkasema nimemharibu mgema. Nasema tu kwamba chupa isiyo na lebo haina mpaka wowote.

Ninachokihofia zaidi humo ni methanoli. Ni spiriti ya viwandani, na iliyochanganywa kwenye kinywaji huwezi kuitambua kwa jicho, kwa pua wala kwa ulimi. Mtu analewa kidogo, analala vizuri. Baada ya saa 12, pengine 24, wakati kila mmoja ameshasahau, tumbo linamkata, pumzi zinakwenda mbio, macho yanaona ukungu mweupe. Mwili umeigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na hiyo ndiyo inayouharibu mshipa wa jicho. Wapo wanaopona wakabaki vipofu. Hospitali ina njia za kumwokoa akiwahi. Njia mojawapo ni kumpa ethanoli yenyewe, ile ya kwenye vinywaji, kwa kipimo cha daktari, ili iizuie methanoli isigeuzwe kuwa sumu. Si jambo la kujaribiwa nyumbani. Ila ili atibiwe hivyo lazima aseme alikunywa nini, na chupa ikipatikana ibebwe. Akisema alikula pweza, daktari atamtibu pweza.

Na hapa ndipo nafika kwenye jambo lililonishikisha kalamu, nalo ni Ramadhani.

Huku kwetu mnywaji akisikia mwezi umeandama, anaacha. Hapunguzi, anakata usiku ule ule. Wengi wao ni wanywaji wa mwisho wa wiki na siku ya mshahara, na hawapati zaidi ya kichwa kuuma na usingizi kuruka. Allah awatakabalie. Lakini yupo anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi hawezi kufunga vifungo vya shati mpaka atulize mikono kwa kikombe. Huyo ubongo wake umeshabadilika. Pombe hupooza fahamu, na ubongo ukipoozwa kila siku hujiongezea kasi ili kazi ziende. Ukiiondoa pombe ghafla, kasi ile inabaki bila breki. Siku ya kwanza anatetemeka, anatoka jasho, moyo unamdunda, anatapika. Ndani ya saa 48 anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuwa nacho maishani. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wapo wanaopotewa na akili kabisa: hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, homa imepanda, anapigana na watu wasiokuwepo. Hali hiyo isipotibiwa inaua.

Vijana wa mjini wanaijua arosto ya unga, yale mateso ya mvuta heroini akiikosa. Ile inamtesa mtu vibaya, lakini kwa kawaida haimuui. Arosto ya pombe inaweza kumuua, na hakuna anayeisema.

Tulikuwa na mwenzetu jikoni, msugua masufuria, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Mcheshi, mpole, hakukosa zamu. Hakuna aliyewahi kumuona akiyumba. Chini ya sinki lake kulikuwa na jagi la plastiki lenye mfuniko, na kila glasi iliyorudi kutoka mezani na mabaki, mabaki yake yaliingia humo: divai nyekundu, bia iliyokufa povu, vipande vya ndimu na yote. Alikuwa akinywa kidogo kidogo tangu vyombo vya asubuhi mpaka vya usiku. Tuliokuwa tukipita pale tulijua, tukanyamaza, maana mtu akinyamaziwa tunaita kumsitiri.

Mwezi ukaandama, akafunga. Siku ya kwanza sahani mbili zilimponyoka. Ya pili hakuja. Alianguka kifafa nyumbani akitawadha kwa adhuhuri, na wakasema ni jini, kwa kuwa hakuna kifafa katika ukoo wao. Siku ya tatu alikuwa akiongea na marehemu baba yake na kuwaomba watoto wamtolee siafu kitandani. Aliitwa mzee wa kumsomea, likaandikwa kombe, yaani aya kwa zaafarani zikaoshwa kwa maji, akanyweshwa. Si nia yangu kudharau kisomo. Mie mwenyewe nimekunywa kombe utotoni na nitakunywa tena. Lakini mgonjwa kama yule kombe angelinywea garini akielekea hospitali.

Alifikishwa jioni. Daktari, msichana mdogo tu, aliuliza mbele ya jamaa wote waliojazana pale kitandani: "Huyu mzee anatumia pombe?" Mama wa mgonjwa akamjibu: "Astaghfirullah, mwanangu! Kwetu hakuna mlevi." Mkewe akatazama kanga yake. Akapimwa malaria, hana. Akapimwa sukari, iko sawa. Mie nilikuwa nimefika na mchango wa wafanyakazi wenzake. Nikamfuata daktari ukumbini.

"Daktari, samahani. Yule anakunywa kila siku, asubuhi mpaka usiku, na amekata tangu mwezi ulipoandama."

Akasimama. "Mbona hawakusema?"

"Ulimuuliza mbele ya mamake, daktari."

Hakunijibu, alirudi ndani kwa haraka. Wakamchoma valiamu, dawa ya kutuliza ubongo, wakamtundikia dripu, wakamtia vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huwa wamepungukiwa na ukosefu wake unaweza kuuharibu ubongo moja kwa moja. Siku zilizofuata akaanza kututambua. Sasa yuko hai, ameacha, na jikoni kwetu hakuna tena jagi chini ya sinki.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mtu asiache kwa ajili ya Ramadhani. Aache, na hakuna mwezi bora zaidi. Ila anayekunywa kila siku asikate peke yake chumbani. Aende kwa daktari katika Rajabu au Shaabani, aseme ukweli, aachishwe kwa dawa, mwezi ukiingia awe ameshavuka. Na aliyekwisha kuanza kutetemeka na kuona visivyokuwepo ni mgonjwa wa dharura, mwezi wowote uwao. Mgonjwa ana ruhusa yake katika Qur'ani, na hilo maalim wanalijua kuliko mimi.

Tena visiwa hivi si wageni wa kazi hii. Unga ulipotuvamia tulifungua soba hausi, nyumba za kuwaachisha walioathirika, methadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga, inatolewa Kidongo Chekundu, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, na leo kuna wazazi wanaosimama hadharani kusema mwanangu alikuwa teja, alhamdulillahi amepona. Kwa nini basi aliyevuta unga anaweza kusema, na aliyekunywa chupa bapa hawezi? Kwa sababu ya unga tunasema ni maradhi, ya pombe tunasema ni tabia. Na jina la Kidongo Chekundu likitajwa, jamaa wanadhani mtu wao anakwenda kufungiwa na wendawazimu, wakamrudisha shamba akafungiwe na wao.

Kufungiwa huko nako kuna hatari yake, hata nje ya Ramadhani. Mtu akiletwa hajijui, desturi ni kumtupa chumbani chali, mlango ukatiwa komeo majirani wasisikie. Akitapika akiwa chali, matapishi yanamziba pumzi. Mlazeni ubavu, goti la juu limekunjwa, kichwa kimeinamishwa nyuma kidogo ili koo libaki wazi, na mtu mmoja akae naye mpaka aamke. Asilishwe ndimu wala kunyweshwa maji kwa nguvu. Akiwa haamki hata kwa kufinywa, au pumzi zinakuja moja moja kwa kuchelewa, au midomo na kucha zimebadilika rangi, apelekwe hospitali usiku huo huo. Na asipewe kidonge chochote cha usingizi ili "apumzike". Valiamu ile ile iliyomwokoa msugua masufuria mikononi mwa madaktari, akipewa mtu ambaye pombe bado imo damuni inaweza kumkatia pumzi.

Msomaji mwenzangu atasema aibu ndiyo inayowazuia wengine wasianze. Inawezekana, na simbishii. Lakini kwa aliyekwisha kuanza, sioni imefanya kazi gani zaidi ya kumfundisha kunywa upesi, tumbo tupu, kisha kupanda chombo cha moto. Sote tumesoma chuoni habari ya yule mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa ulevi. Aliadhibiwa kwa mujibu wa sheria, kisha watu wakaanza kumlaani, na Mtume akawakataza, wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao. Adhabu ilikuwepo, na bado alibaki kuwa ndugu.

Ninachokiomba si kikubwa. Madaktari wetu wawatoe jamaa nje kwanza ndipo waulize, na waulize kwa sauti ile ile wanayoulizia presha na sukari: unakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini? Mgonjwa akiulizwa peke yake, bila macho ya mamake, atasema. Mimi nawasikia kila usiku wakiniambia mambo ambayo sikuwauliza.

Makhatibu nao watoe dakika mbili katika Ijumaa za Shaabani. Wasiilegeze hukumu hata kwa herufi. Waseme tu kwamba aliyezoea kila siku amuone daktari kabla ya mwezi, na kwamba anayetetemeka na kuanguka siku ya pili ya mfungo si lazima awe na jini. Wao wakisema watasikilizwa. Mimi nikisimama kusema, watu wananinusa kwanza.

Na matajiri wa mahoteli, ambao nawafanyia kazi na nitaendelea kuwafanyia inshaallah kama barua hii haitanifichua: mgeni aliyelewa mnamwitia teksi. Kijana aliyeifuta meza yake anaondoka saa nane za usiku kwa pikipiki yake mwenyewe, gizani, kwenda mpaka Donge au Mkwajuni, na nyinyi mnajua mabaki ya chupa yamekwenda wapi. Mabaki yamwagwe mbele ya msimamizi kabla ya vyombo kufika kwenye sinki. Na liwepo gari la kuwarudisha wafanyakazi wa zamu ya usiku, kila usiku, si usiku wa mwaka mpya tu. Mafuta yake kwa mwezi mzima sidhani kama yanafikia bei ya shampeni mnazozifyatua mchangani Disemba 31 kwa ajili ya picha.

Wako,
Mhudumu wa kaunta,
Nungwi, Unguja.

(Jina langu unalo, Mhariri, naomba usilichape. Mama yuko Wete, anajua nafanya kazi jikoni, na gazeti lako husomewa na wajukuu.)